Udongo, Kinywe na Moto: Ustadi wa Nicolas-Jacques Conté

Kile kijiti cheusi kilichomo ndani ya penseli ni udongo uliochomwa. Wengi wetu tumeshika penseli tangu darasa la kwanza na hatukuwahi kuambiwa hivyo. Tuliambiwa tuchonge, tuandike, tufute. Hakuna aliyetueleza kwamba kiini kile kimesagwa, kikakandwa, kikakaushwa na kupitishwa kwenye tanuri lenye joto kali kabla ya kuvikwa mbao. Ndani ya udongo huo mna kinywe, madini meusi laini yanayoteleza vidoleni, na weusi wote tunaouona karatasini ni wake. Lakini ugumu wa penseli, uimara wa ncha yake, na uwezo wa mtengenezaji kusema hii itaandika kwa wepesi na ile itaandika kwa uzito, hayo yote ni kazi ya udongo na moto.

Aliyeufikia mchanganyiko huo na kuuchukulia hataza mwaka 1795 ni Mfaransa Nicolas-Jacques Conté. Nataka kuutazama ustadi wake bila haraka, kwa kuwa ulikuwa ustadi wa mtu aliyevijua vitu kwa mikono yake. Na nataka kuonyesha jambo moja hasa: weusi wa penseli ulikuwa kitu ambacho watu walipewa na mlima, wakaupokea kama ulivyo, Conté akaufanya uwe kitu cha kuamuliwa na fundi.

Mlima huo uko Borrowdale, katika jimbo la Cumberland, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Katika karne ya 16 watu wa huko walikuta mshipa wa kinywe safi na kigumu kiasi cha kukatwa kwa msumeno. Wachungaji walikitumia kuwatia kondoo alama. Baadaye watengenezaji wa silaha waligundua kwamba kikipakwa ndani ya kalibu za risasi za mizinga, risasi hutoka laini na za mviringo mzuri, na thamani ya kinywe ikapanda mpaka wezi wakaanza kuuvizia mlima. Mwaka 1752 Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyoufanya wizi wa kinywe kuwa kosa la jinai, na mwizi aliweza kufungwa kwa kazi ngumu au kusafirishwa ng'ambo uhamishoni. Mgodi ulilindwa, ukafunguliwa kwa vipindi vifupi tu.

Penseli ya Kiingereza ya zama hizo ilikuwa jiwe halisi. Bonge lilipasuliwa kwa msumeno kuwa vibamba, vibamba vikapasuliwa kuwa vijiti vya pembe nne, na kila kijiti kikagandishwa kwa gundi ndani ya mfuo uliochimbwa kwenye ubao. Wachoraji wa Ulaya nzima waliitamani, na walikuwa na sababu, kwani iliandika vizuri na ilifutika kwa urahisi. Hata hivyo kila penseli ilikuwa na tabia ya kipande chake cha jiwe. Aliyetaka mstari mwepesi alipunguza nguvu za mkono, na aliyetaka mstari mzito alikandamiza. Na kila msumeno ulipopita, sehemu ya madini hayo ya thamani iligeuka vumbi.

Vumbi hilo halikudharauliwa. Mafundi wa Nuremberg, Ujerumani, ambako hapakuwa na kinywe cha aina ya Borrowdale, walichanganya unga wa kinywe na salfa au gundi na kuufanya ushikamane. Penseli zao zilikuwa za bei nafuu na zilitosha kwa hesabu za dukani, ila zilikwaruza karatasi na kukatika ovyo. Walikuwa wameikaribia njia sahihi, kwa maana walikwisha kujua kwamba unga unaweza kuungwa upya ukawa kijiti. Walichokosa ni kiungo chenye kuvumilia moto. Salfa huyeyuka, gundi huungua.

Mwaka 1793 Ufaransa ya Mapinduzi iliingia vitani na Uingereza, na kinywe cha Borrowdale kikakatika. Mtu anaweza kudhani kwamba katika vita upungufu wa penseli ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Mhandisi wa jeshi huchora ngome na ramani kwa penseli. Ofisa aliye juu ya farasi hawezi kuchovya unyoya kwenye kidau cha wino. Amri anayoandika anaiandika kwa penseli. Lazare Carnot, aliyesimamia mambo ya kijeshi katika Kamati ya Usalama wa Umma, alikuwa mhandisi kwa mafunzo yake, na alilijua hilo vizuri. Alimtaka Conté atafute penseli ambayo Ufaransa ingeweza kuitengeneza bila kutegemea mlima wa adui.

Husimuliwa kwamba Conté alipata jawabu katika siku chache tu. Naliamini hilo, lakini siku hizo chache zilikuwa na miaka mingi nyuma yake. Alizaliwa mwaka 1755 karibu na mji wa Sées, Normandy, katika familia ya wakulima wa bustani, na baba yake alifariki mapema. Inasemekana alipokuwa mtoto alijichongea fidla kwa kisu tu, ikapigika. Akiwa kijana mtunza bustani katika hospitali ya Sées, iliyoendeshwa na watawa, alipewa nafasi ya kupaka rangi picha za kanisa la hospitali hiyo, akazimaliza kwa namna iliyowashangaza wakubwa wake. Akawa mchoraji wa sura za watu, akalipwa vizuri, kisha akahamia Paris, ambako alihudhuria mihadhara ya fizikia na kemia na kutengeneza mashine kwa mikono yake. Kwa hiyo aliyeombwa penseli alikuwa ameitumia penseli kwa kujipatia riziki. Alijua uchungu wa kiini kinachokatika katikati ya shavu la mtu unayemchora. Alijua pia udongo, kemia na tanuri. Sidhani kama Carnot angepata mwingine aliyekusanya yote hayo ndani ya kichwa kimoja.

Tuifuate sasa kazi yenyewe hatua kwa hatua, kwa kuwa uzuri wake umo kwenye hatua.

Kwanza udongo. Haufai udongo wowote, na hata ule mzuri wa mfinyanzi hauingii kazini kama ulivyochimbwa. Unavurugwa kwenye pipa lenye maji mengi, kisha unaachwa kidogo. Mchanga na chembe nzito huzama kwanza. Maji ya juu, ambayo bado yana ukungu wa udongo laini, yanahamishiwa kwenye chombo kingine, na humo yanaachwa yatulie mpaka ule ulaini nao uzame. Kinachobaki chini ni tope ambalo ukilisugua kati ya vidole hulisikii likikwaruza. Hapa pana uvumilivu wa kweli, kwa kuwa chembe moja ya mchanga ikiponyoka itasubiri ndani ya penseli iliyokamilika, na siku moja itachana karatasi ya mtu.

Pili kinywe. Kinasagwa kuwa unga, kinapashwa moto mkali ndani ya chungu kilichofunikwa ili uchafu uungue, kisha kinachanganywa na udongo na maji na kusagwa tena. Kusaga huku kwa pili ndiko kunakoamua. Fundi hukanda donge, akalikata kwa kisu, akautazama uso uliokatwa. Akiona hata doa moja la weupe wa udongo, anarudisha kusaga. Anaendelea hivyo mpaka uso wote uwe na rangi moja. Mwishowe anapata donge lenye ulaini wa donge la chapati lililokwisha kupumzika.

Tatu kalibu. Kwenye ubao mgumu imechimbwa mifuo yenye upana wa kiini cha penseli. Ubao huo umechemshwa kwanza katika mafuta ya mnyama, ili tope lising'ang'anie. Donge linashindiliwa ndani ya mifuo, na ubao mwingine uliopitishwa kwenye mafuta hayohayo unafungwa juu yake kwa skrubu. Mifuo ya Conté ilikuwa na upana uliozidi kidogo ule wa kijiti anachokitaka, kwa kuwa alijua kwamba udongo ukikauka hunywea. Kijiti kinapokauka taratibu, kinajitenga chenyewe na kuta za mfuo, na ubao ukipinduliwa kinatoka bila kuvunjika. Napenda sana jambo hili. Kunywea kwa udongo ni kero ya kila mfinyanzi, humpasulia chungu. Conté aliipangia kasoro hiyo kazi ya kufanya.

Nne moto, na hapa ndipo mkemia anapohitajika. Mwaka 1779 Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alikuwa ameonyesha kwamba kinywe, ambacho watu walidhani ni jamii ya madini ya risasi, kimsingi ni kaboni, ndugu wa mkaa. Na kaboni ikipata joto kali na hewa huungua. Ukiweka vijiti vyako kwenye tanuri la wazi, udongo utabaki na weusi utapotea. Kwa hiyo Conté alivisimamisha vijiti wima ndani ya chungu kinachostahimili moto, akajaza unga wa mkaa katikati yao ili vishike wima na ili hewa yoyote iliyobaki iule mkaa kwanza, akakifunika chungu, akaziba mwanya wa mfuniko kwa udongo, ndipo akaingiza tanurini. Ndani ya giza hilo lisilo na hewa udongo unaungana na kuwa kigae, na kigae hicho kimeshika chembe za kinywe kila mahali. Chungu kinaachwa kipoe kabisa kabla ya kufunguliwa.

Vijiti vya kuchorea alivizamisha kwenye nta au mafuta ya moto kabla ya kuviweka kwenye mbao. Moto huacha vitundu vidogo vidogo ndani ya kigae, na nta inavijaza. Ndiyo inayofanya ncha iteleze badala ya kukwaruza. Kisha kijiti kinalazwa ndani ya mfuo wa ubao, nafasi iliyobaki juu yake inazibwa kwa ukanda mwembamba wa mbao uliopakwa gundi, na ubao unachongwa umbo lake la mwisho.

Nimekaa muda mrefu kwenye tope na chungu kwa sababu uamuzi mkuu umefichwa humo. Ukiongeza udongo, penseli inakuwa ngumu na mstari wake unapauka. Ukiongeza kinywe, inakuwa laini na mstari unajaa weusi. Na kiasi cha moto nacho kina sauti yake, maana mchanganyiko uleule uliochomwa kwa nguvu zaidi hutoka mgumu zaidi. Kwa hiyo fundi ana njia mbili za kuongoza matokeo, uwiano na joto, na anaweza kuzioanisha apendavyo. Conté aliuza penseli za daraja mbalimbali, zikiwa na nambari. Mnunuzi aliyependa daraja fulani aliweza kurudi mwaka uliofuata na kupata penseli ileile. Hilo halikuwezekana Borrowdale, ambako mlima wenyewe haukujua ungetoa nini kesho.

Tena alitumia kinywe hafifu. Kile cha Ufaransa hakikuwa na usafi wala ugumu wa kile cha Waingereza, na kwa njia ya zamani kisingekatika kuwa kijiti. Kwa njia mpya hakuna aliyehitaji bonge, kwa kuwa kila kitu kilianzia kwenye unga.

Haki inataka Josef Hardtmuth wa Vienna naye atajwe, kwani aliufikia mchanganyiko wa udongo na kinywe katika miaka hiyohiyo, na kiwanda chake ndicho kilichozaa penseli za Koh-i-Noor. Na huko Marekani, katika mji wa Concord, Massachusetts, mwandishi Henry David Thoreau alifanya kazi katika kiwanda cha penseli cha baba yake. Alipotafuta namna ya kuondoa ukwaruzaji wa penseli za Kimarekani, aliishia palepale, kwenye udongo na kusaga kwa makini.

Sisi wa Afrika Mashariki tumo katika habari hii pia, kwa upande wa malighafi. Mti unaoitwa mtarakwa nchini Kenya na mwangati huko Usambara ulitafutwa na watengenezaji wa penseli kwa sababu ya tabia ya mbao zake: nyuzi zake zimenyooka, hauna ukaidi mbele ya kisu, na penseli yake huchongeka bila kupasuka. Wakati wa ukoloni wa Kijerumani ilijengwa njia ya kamba za chuma kutoka milima ya Shume hadi Mkumbara, kushusha mbao za miti hiyo mpaka kwenye reli ya bondeni. Baadaye, chini ya Waingereza, Kenya ilisafirisha nje vibamba vya mtarakwa vilivyokwisha kukatwa tayari kwa viwanda vya penseli. Kinywe nacho tunacho tele. Mahenge, wilayani Ulanga, kuna hazina kubwa ya madini hayo, na mkoani Lindi vilevile; siku hizi yanatafutwa kwa ajili ya betri. Na kabla ya yote hayo, huko Buganda, wafinyanzi waliohudumia kasri la Kabaka walisugua kinywe kwenye vyombo vyao vya udongo ili ving'ae. Madini, udongo na moto vilikwisha kukutana kwenye ukingo wa Ziwa Viktoria, kwa kusudi jingine na kwa ustadi mwingine. Nasikitika kwamba majina ya mafundi hao hayafahamiki kama lilivyofahamika la Conté.

Penseli peke yake ingetosha kumpa mtu jina. Kwa Conté ilikuwa kazi mojawapo, na nyingine zilimgharimu zaidi. Mwaka 1794 jeshi la Ufaransa lilianza kutumia maputo yaliyofungwa kwa kamba ili kutazama mienendo ya adui kutoka angani, na puto moja lilikuwa juu ya uwanja wa mapigano ya Fleurus mwezi Juni mwaka huo. Huko Meudon, karibu na Paris, Conté alisimamia utengenezaji wa maputo hayo na chuo cha kufundishia warusha maputo. Gesi ilikuwa haidrojeni, iliyopatikana kwa kupitisha mvuke wa maji juu ya chuma kilichopashwa moto hadi kuwa chekundu. Haidrojeni hupenya kwenye kitambaa kwa urahisi wa ajabu, hivyo ilibidi itengenezwe vanishi ya kuizuia, na vanishi ya Meudon iliishikilia gesi kwa muda mrefu kuliko yoyote iliyotangulia. Katika jaribio moja gesi ililipuka, Conté akapoteza jicho la kushoto. Katika picha zake za baadaye anaonekana amefungwa kitambaa kinachoteremka juu ya jicho hilo. Aliendelea kuchora na kutengeneza vyombo vya vipimo vidogo kwa jicho moja, na kazi zake zilizo bora sana ni za baada ya ajali hiyo.

Mwaka 1798 alisafiri na Napoléon Bonaparte kwenda Misri, akiwa mmoja wa wanasayansi na mafundi wapatao 160 waliofuatana na jeshi. Uvamizi ni uvamizi, na watu wa Kairo walilipa gharama yake kwa damu; siwezi kusimulia ustadi wa Conté kana kwamba ulitendeka kwenye nchi isiyo na wenyewe. Lakini alichokifanya huko kinahitaji kuelezwa. Agosti mwaka huo Waingereza waliangamiza meli za Kifaransa huko Abukir, na jeshi likakatiwa njia ya nyumbani. Sehemu ya vyombo vya kazi ilikuwa imezama baharini. Oktoba, Kairo ilipoasi, nyumba walimohifadhi vyombo vingine ilivamiwa, navyo vikapotea.

Conté akaanza upya. Msumeno hutengenezwa kwa zana, na zana hizo nazo zina zana zilizozitangulia, na yeye alirudi nyuma kwenye mnyororo huo mpaka pale alipoweza kushika kitu mkononi. Alitengeneza zana za kutengenezea zana, kisha mashine, kisha vitu. Kutoka karakana zake za Kairo zilitoka baruti, panga, nguo za askari, karatasi, vifaa vya madaktari wa upasuaji, dira, lenzi za darubini, tarumbeta, vinu vya upepo vya kusagia nafaka. Gaspard Monge, mwanahisabati aliyekuwa naye huko, alisema kuhusu Conté kwamba sayansi zote zilikuwa kichwani mwake na ufundi wote mikononi mwake. Mara nyingi sifa za namna hiyo ni za kutiwa chumvi. Hii naichukua karibu kama taarifa.

Hakufaulu kila mara. Mwishoni mwa 1798 Wafaransa walirusha puto la hewa moto kwenye uwanja wa Azbakiya ili kuwastaajabisha wakazi wa Kairo. Likashika moto na kuanguka. Mwanahistoria wa Kimisri Abd al-Rahman al-Jabarti, aliyekuwa Kairo siku hizo, aliandika kwamba kumbe kitu hicho kilikuwa sawa na vishada wanavyotengeneza watumishi kwa ajili ya sikukuu na harusi. Conté, aliyetoa jicho lake kwa ajili ya maputo, alistahili puto bora kuliko hilo, na al-Jabarti alikuwa na haki kamili ya kutostaajabu.

Jiwe la Rosetta lilipopatikana mwaka 1799, wasomi walihitaji nakala sahihi za maandishi yake. Mpiga chapa Jean-Joseph Marcel alipaka wino kwenye uso wa jiwe na kuacha maandishi yaliyochongwa bila wino, akapata herufi nyeupe juu ya weusi. Conté alilitendea jiwe kama bamba la shaba lililochimbwa nakshi: wino uingie ndani ya herufi, uso usafishwe, karatasi ikandamizwe. Zikatoka herufi nyeusi juu ya weupe. Kutoka kwenye jiwe moja zikapatikana nakala mbili zenye kusahihishana.

Lakini katika yote ya Misri, kinachonivuta zaidi ni michoro. Conté alikaa kwenye karakana za Kairo akawachora mafundi wakiwa kazini: mfumaji kwenye mtande, mfinyanzi kwenye gurudumu, mtengeneza siki, mkereza mbao. Hakuwachora kama watu wa ajabu. Alichora mkao wao, mahali mguu ulipo, namna kamba inavyozunguka kwenye kerezo, na zana zao pembeni moja moja, ili anayetazama aweze kuielewa kazi na hata kuiiga. Hiyo ni heshima ambayo fundi humpa fundi mwenzake, na haihitaji maneno. Michoro hiyo iliingia katika Description de l'Égypte, kitabu kikubwa cha mabuku mengi kuhusu Misri ambacho serikali ya Ufaransa ilianza kukichapisha mwaka 1809.

Kitabu hicho ndicho kilichompa kazi yake ya mwisho. Baada ya kurudi Ufaransa mwaka 1801 aliwekwa kuwa msimamizi wa uchapishaji wake, akakutana na tatizo la kawaida kabisa: mbingu. Picha za mahekalu ya Misri zina mbingu kubwa tupu, na kwenye bamba la shaba mbingu huchorwa kwa mamia ya mistari iliyolingana, inayosogeana kidogo kidogo kadiri anga inavyokolea. Mnakishi angekaa miezi juu ya mbingu moja, na mkono ukitetereka mara moja kosa lingeonekana kama ufa. Conté alibuni mashine ya kuchora mistari hiyo. Iliweza kuipiga iliyonyooka au yenye mawimbi, na iliweza kubadilisha nafasi kati ya mstari na mstari kwa hatua ndogo mno, hivi kwamba kazi ya miezi ilimalizika kwa siku chache. Kuta pana za mahekalu nazo zikachorwa hivyo. Wanakishi walibaki na sehemu zinazotaka jicho na moyo: sura za watu, miti, sanamu zilizomomonyoka.

Ukiitazama mashine hii utamwona mtu yuleyule wa penseli. Weusi wa anga ulitegemea afya ya mkono wa mnakishi siku hiyo. Conté akaufanya utegemee nafasi kati ya mistari, ambayo hupimika. Alikuwa akitatua swali moja maisha yake yote, la namna ya kugawanya njia kutoka weupe hadi weusi kuwa vidato ambavyo mtu anaweza kuvichagua.

Alifariki Desemba 1805, akiwa na miaka 50, muda mfupi baada ya kumpoteza mkewe, na hakuliona hata buku moja la kitabu hicho likitoka. Kiwanda chake cha penseli kikaendelezwa na mkwewe, Arnould Humblot, aliyeunganisha jina la Conté na lake. Kutoka kiwanda hicho zilienea pia kalamu za kuchorea za Conté zisizo na mbao, nyeusi na nyekundu, na katika miaka ya 1880 mchoraji Georges Seurat alizitumia kwenye karatasi yenye mikwaruzo kwa michoro ambayo karibu haina mstari, ina vivuli tu. Jina hilo la biashara lilinunuliwa na kampuni ya BIC mwaka 1979.

Herufi H na B zinazogongwa kwenye kitako cha penseli zilikuja baada ya nambari za Conté, ila zinapima kitu kilekile. H zikizidi, udongo umezidi. B zikizidi, kinywe kimezidi. HB imekaa katikati. Seremala anayepima ubao mweupe wa msonobari na achukue 2H, ambayo ncha yake itakaa kali na mstari wake utakuwa mwembamba wa kufuatwa na msumeno. Akifanya kazi kwenye mninga uliokolea, mstari huo hatauona. Hapo achukue 2B, achonge mara kwa mara.